Shangazi Alipokuwa Peke Yake

Jumamosi asubuhi, kwenye kituo cha kulelea watoto, walezi walikalishwa kwenye viti vya watoto, vile vya plastiki vinavyompandisha mtu mzima magoti mpaka kifuani, na mkufunzi akatoa mtoto kwenye begi la michezo. Alimtoa kwa mguu, akamlaza juu ya meza ya kuchorea, akamfuta uso kwa pamba yenye spiriti. Mtoto alikuwa wa mpira, mwenye kifua cha kubonyea na mdomo ulioachwa wazi kama wa mtu aliyekatizwa maneno.

"Huyu ni mjukuu wangu," alisema mkufunzi. "Ameshakufa mara nyingi mno na hana kinyongo na mtu. Kwa hiyo msimwogope. Mkikosea, koseeni kwake."

Kabla ya kustaafu mkufunzi alikuwa muuguzi wa gari la wagonjwa. Alikuwa na mikono mikubwa na sauti ya chini, na kila aliposema neno "mtoto" aliweka kiganja kifuani pake bila kujua. Mbele yake walikaa mayaya wa mtaa ule, walezi wa vituo vya jirani, na bibi mmoja aliyekuwa analea wajukuu zake. Bibi alimpakata yule mtoto wa mpira, akampima uzito mkononi.

"Mbona mwepesi hivi mjukuu wako? Humlishi?"

"Analishwa hewa, bibi. Leo utamlisha wewe."

Mlezi wa kituo chenyewe alikaa mstari wa mbele. Alikuwa amefanya kazi pale tangu kituo kilipokuwa banda la gari lililopakwa rangi. Watoto walimwita Shangazi, wazazi wakalichukua jina hilo kwa watoto, na mwisho hata mumewe akipiga simu ya ofisi aliomba kuongea na Shangazi. Siku hiyo alikuwa amevaa aproni yake ya kazi ingawa hakukuwa na watoto, kwa sababu bila aproni hakujua aweke wapi mikono.

Mkufunzi aliwafundisha mtoto aliyeungua, mtoto aliyeanguka, mtoto mwenye degedege. Kisha akafika kwa mtoto aliyepaliwa. Akakaa, akamlaza mjukuu wake kifudifudi juu ya paja, kichwa chini, akampiga kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega. Mlio ulikuwa kama wa kukung'uta zulia.

"Mapigo matano hivi. Kitu kisipotoka, unahamia tumboni kuminya, kwa aliyezidi mwaka mmoja. Kwa mtoto mchanga, kifuani. Halafu unarudi mgongoni. Huachi. Sasa sikilizeni kazi zenyewe. Wa kwanza anabaki na mtoto, hafanyi kingine. Wa pili anapiga simu na kufungua geti. Wa tatu anawakusanya watoto wengine na kuwageuza ukutani, maana wakiona watalia, na wakilia wote hamtasikiana."

Shangazi alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Na kama mtu yuko peke yake?"

"Ukiwa peke yako unapiga kelele huku unafanya. Unafanya kwa dakika kama moja, halafu unambeba mtoto uende naye kwenye simu."

"Na wale wengine?"

"Wengine wangapi?"

Shangazi akageuka kumtazama mwenye kituo, ambaye alikuwa amesimama mlangoni anapiga picha za mafunzo. Mwenye kituo alishusha simu.

"Wachache tu," alisema. "Na hakai peke yake. Ana mwenzake."

Mwenzake alikuwa dada kijana ambaye miezi hiyo alishinda mjini akigawa vipeperushi vya kituo. Mkufunzi aliwatazama wote wawili kwa zamu.

"Wale wengine wanahitaji mtu wao," alisema, kisha akampa Shangazi mtoto wa mpira. "Haya, piga. Usimwonee huruma, huruma yako iko kwenye kiganja."

Shangazi akapiga vizuri. Saa ya kufunga wote walipewa vyeti, na cha Shangazi, mwenye kituo akakitundika ukutani kabla wino haujakauka sawasawa.

Jumanne iliyofuata, saa ya vitafunio, Shangazi aligawa karoti. Zilikuwa mbichi, zimekatwa duara duara kama zilivyo kwenye picha ya kipeperushi. Alikuwa ameshauri zichemshwe. Mwenye kituo alisema wazazi wanapenda ile rangi, na karoti ikichemshwa inapauka, inakuwa kama chakula cha hospitali.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa miaka miwili aliyeitwa Waziri kwa sababu ya mwendo wake. Alitembea mikono nyuma, tumbo mbele, akikagua. Asubuhi ile alikagua sahani ya mwenzake, akachukua duara moja, akalitia mdomoni lote, kisha akasimama. Hakukohoa wala hakulia. Aliikunjua mikono kutoka mgongoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa amesimama, na Shangazi akajua.

Alimfikia, akapiga goti, akamlaza pajani, akapiga. Karoti haikutoka. Akapiga tena. Simu ilikuwa ofisini, ng'ambo ya ua, na mtu alihitajika kuifikia, kwa hiyo Shangazi akainuka akaenda. Waziri hakuweza kuachwa, kwa hiyo Shangazi akabaki naye, akaendelea kupiga. Na watoto wengine walikuwa wameshaanza kusogea, mmoja na kikombe, mmoja na kiatu mkononi, kwa hiyo Shangazi akawakusanya, akawapeleka kwenye kona ya vitabu, akawaketisha wakitazama ukuta, akakaa mbele yao akaanzisha wimbo wa kunawa mikono.

Basi wakawa watatu. Aliyekwenda ofisini alipiga simu, akataja mtaa na rangi ya geti, akasema mtoto amepaliwa na hapumui. Kisha akakimbia kufungua geti, akasimama barabarani akipunga aproni yake hewani ili dereva wa gari la wagonjwa asipite. Aliyebaki na Waziri alihamia tumboni, akarudi mgongoni, akahamia tena tumboni. Hakuona kitu kingine duniani isipokuwa fulana ya njano na mfupa mdogo wa bega. Na aliyekuwa anaimba aliona kila kitu, kwa kuwa mgongo wake ndio ulioelekea ukuta. Aliona midomo ya Waziri ikiwa ya zambarau. Aliona miguu ikilegea na kiatu kimoja kikidondoka. Watoto walikuwa wanamsoma usoni, kwa hiyo alitabasamu, akafika kwenye ubeti wa sabuni, akaurudia, akaenda kwenye ubeti wa taulo.

Katikati ya taulo karoti ikatoka. Iliruka ikagonga mguu wa meza. Waziri akavuta pumzi kwa mlio wa mlango mbovu, akatapika, akalia. Kona ya vitabu ikageuka yote kwa pamoja, na mtoto mmoja akasema, "Waziri anadeka," na wengine wakakubali.

Mama yake Waziri alifanya kazi kwenye duka la rangi, si mbali. Naye alikuwa amepigiwa simu, akafika kabla ya gari la wagonjwa, ana doa jeupe kwenye nyusi. Shangazi mmoja alimfungulia geti akamwambia apite haraka. Shangazi mwingine alimkabidhi mtoto mlangoni, akamwambia anapumua, lakini lazima daktari amtazame tumbo kwa sababu amemminya. Shangazi wa tatu alikuwa ndani anafundisha watoto kukunja taulo. Mama alisema asante mara tatu, kila mmoja yake, akapanda gari la wagonjwa na mwanawe.

Mwenye kituo naye akafika, amekimbia kutoka benki. Alilia kwa kweli, machozi na kamasi, akawakumbatia wote watatu kwa zamu. Akauliza kama mtoto yuko salama. Akauliza kama wazazi wengine wameona. Halafu akakaa kwenye kiti kidogo, akawatazama.

"Mtabaki hivyo?"

"Hatujui, Madam," alisema wa kwanza.

"Hatujawahi," alisema wa pili.

Wa tatu alikuwa bado anatabasamu.

Jioni hiyo, kabla ya kufunga ofisi, walimpigia simu mkufunzi. Jambo la kwanza aliuliza hali ya mtoto. Walipomwambia anapumua, walisikia kiganja kikigusa kifua.

"Hilo hutokea," alisema. "Yupo yaya mmoja wa mapacha, mwaka jana wote wawili walipaliwa kwa pamoja. Aligawanyika, na mpaka leo hajajikusanya. Anaishi vizuri. Ila mumewe analalamika zamu ya bafu."

"Tunakunywa dawa gani?"

"Hakuna dawa. Mpumzike. Mna mtu wa kuwasaidia hapo?"

Walitazamana. "Tupo watatu," walimjibu.

Mumewe alikuwa fundi wa mafriji. Aliwakuta jikoni, mmoja anamenya viazi, mmoja ameegemea mlango anatazama barabarani, mmoja amekaa juu ya debe anatabasamu na sufuria tupu. Aliweka boksi la vifaa chini. Akavua viatu. Akanawa mikono, akachukua muda kuifuta.

"Nimeoa yupi?"

Walitazamana. "Sisi," walisema.

"Haya." Akahesabu vikombe, akakuta vinatosha. "Nani atanieleza kilichotokea?"

Hapo ndipo ilipoonekana kuwa haikuwa rahisi. Mmoja alijua mgongo tu. Mmoja alijua barabara tu. Yule aliyeona yote, kila alipofungua kinywa kueleza, ulitoka wimbo wa kunawa mikono. Fundi aliusikiliza mpaka mwisho, ubeti wa sabuni na ubeti wa taulo, halafu akamsogezea kiti akakaa karibu naye, akamshika mkono. Alikuwa mtu anayeweza kusikiliza friji inayonguruma akajua kilichoharibika. Alimsikiliza hivyo hivyo. Mwisho akasema, "Ulimwona anakufa, siyo?" na yule mwenye tabasamu akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kutabasamu, machozi yakipita pembeni ya mdomo.

Binti yao aliyekuwa sekondari alirudi kutoka kwa rafiki yake, akasalimia mara tatu. Wiki ya kwanza alifurahi, kwa kuwa mmoja alimsuka na mwingine akamsikiliza somo la historia. Wiki ya pili akamlalamikia baba yake kwamba akiacha sahani mezani anaitwa na watu watatu kutoka pande tatu. Kulala walipanga zamu, wawili kwenye godoro la sebuleni na mmoja chumbani, na fundi hakusema lolote kuhusu zamu hizo isipokuwa kwamba wote wanakoroma sawa.

Kazini watoto waliwapa majina ndani ya asubuhi moja: Shangazi wa Mgongo, Shangazi wa Simu, na Shangazi wa Wimbo. Hawakuwachanganya hata mara moja. Watu wazima ndio waliochanganya. Waziri alirudi baada ya siku chache za mapumziko, mikono nyuma, akawakagua wote watatu, akapita. Shangazi wa Simu alikuwa akimngoja getini kila siku. Yeye hakuwa ameona karoti ikitoka. Alikuwa barabarani akipunga aproni, na alipoingia ndani kila kitu kilikuwa kimekwisha, kama mtu aliyefika uwanjani filimbi imepulizwa. Kwa hiyo kila asubuhi aliinama, akaweka sikio kwenye kifua cha Waziri, akasikiliza. Waziri alisubiri kwa subira ya mtu mwenye cheo.

"Ilitokaje?" Shangazi wa Simu alimwuliza Shangazi wa Mgongo wakiwa wanaosha vikombe.

"Ilitoka tu."

"Ulisikia nini mkononi?"

Shangazi wa Mgongo alitazama kiganja chake. Tangu siku ile hakikuwa kikitulia. Kilitetemeka hata akishika sifongo.

"Nilisikia ameniachia. Halafu nikasikia amenishika."

Mwenye kituo alichemsha karoti. Hilo alilifanya siku ya pili tu, na aliwaambia wazazi wote. Picha ya kipeperushi aliiacha kama ilivyokuwa. Kisha akamwita yule dada wa vipeperushi, akamwambia sasa awe mjini moja kwa moja, kwa kuwa kituoni walezi wametosha. Sahani ya mchana ya walezi ilibaki moja, maana kwenye jedwali la jikoni Shangazi alikuwa mmoja. Walikula kwa vijiko vitatu. Shangazi wa Wimbo, ambaye hakuweza kutafuna vizuri kwa sababu ya tabasamu, ndiye aliyeanza.

Mwezi huo akaja mkaguzi wa vituo vya watoto. Alikuwa mtu mwembamba mwenye adabu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alipima madirisha kwa kamba, akafungua bomba, akanusa choo. Kisha akahesabu watoto wakiwa uani, akahesabu walezi.

"Watatu," alisema. "Ni ndugu?"

"Ni mmoja," alisema mwenye kituo, kwa kuwa hakuwa mwongo.

Mkaguzi aliwasogelea. Aliwaomba wafungue viganja. Akalinganisha mistari, akakuta ile ile, isipokuwa kiganja kimoja kilikuwa kinatetemeka.

"Kabla ya hapo walikuwa wangapi?"

"Kabla ya hapo alikuwa mmoja," alisema Shangazi wa Mgongo.

"Kabla ya hapo sikuja," alisema mkaguzi. Alifikiri, akatazama nje dirishani ambako watoto walikuwa wanamwaga maji kwenye mchanga. "Sheria inataka watu wazima kwa idadi ya watoto. Haisemi wawe tofauti. Hongera, Madam. Vituo vingi havifikii hapa."

Alivaa viatu vyake, akaondoka. Mwenye kituo alisimama katikati ya ukumbi akiwa ameshika kiuno, akitazama kuta kama mtu anayepima pazia. Juma hilo hilo mafundi wakaja na mbao, wakaugawa ukumbi vyumba vitatu, kila kimoja na mlango wake. Watoto wapya wakaja, wakajaza. Chumba cha kwanza akapewa Shangazi wa Mgongo, cha pili Shangazi wa Simu, cha tatu Shangazi wa Wimbo. Asubuhi walifika pamoja, wakatundika mikoba yao kwenye msumari mmoja, kila mmoja akaingia kwake akafunga mlango, kwa sababu mlango ukiachwa wazi watoto wanatoka.

Kuta za mbao zilikuwa nyembamba. Shangazi wa Mgongo aliweza kusikia wimbo kutoka chumba cha tatu, ukipita chumba cha pili bila kupumzika. Akipiga ukuta, mwenzake aliupiga ukuta kujibu. Zaidi ya hapo hawakuweza kufanyiana kitu. Siku mtoto mmoja wa chumba chake alipotoka damu puani, alimkalisha, akamwinamisha mbele, akambana pua, akapiga ukuta. Ukuta ukajibu. Hakuna aliyekuja, wala hakutarajia aje, maana huko nako kulikuwa na watoto wasioweza kuachwa. Aliibana pua ile mpaka damu ikakata, mguu mmoja akiwa ameunyoosha kuzuia mlango.

Jioni ya siku hiyo aliamua kumwambia mama yake Waziri.

Alimngoja getini. Mama alifika na harufu ya rangi, amechoka, akamchukua mwanawe, akaanza kumfunga kamba za viatu.

"Mama Waziri," alisema Shangazi wa Mgongo, "kuna kitu sikukwambia. Siku ile nilikuwa peke yangu."

"Siku ipi?"

"Ya karoti."

Mama aliinua uso. "Peke yako na nani?"

"Na watoto. Wote. Mwenzangu alikuwa mjini anagawa karatasi. Alikuwa anapelekwa huko tangu mwaka ulipoanza."

"Lakini niliwaona," alisema mama, bila ubishi, kama mtu anayemsaidia mwenzake kukumbuka. "Mmoja alinifungulia geti. Wewe ulinipa mtoto. Mwingine alikuwa ndani anaimba. Niliwashukuru wote."

"Wote ni mimi."

"Najua. Kila mtu anajua. Ndiyo maana nasema mlikuwa watatu."

"Kabla karoti haijaingia kooni nilikuwa mmoja. Ningebaki mmoja, mwanao asingekuwa hapa. Na nilikuwa mmoja kwa sababu walitaka niwe mmoja. Hilo ndilo nataka ulijue. Ungeuliza, wangekujibu. Mimi nikiuliza hawanijibu."

Waziri alikuwa anavuta kamba ambayo mama yake alikuwa ameshaifunga. Mama aliifunga upya. Ilimchukua muda mrefu, kamba fupi namna ile, fundo juu ya fundo.

"Shangazi," alisema mwishowe, "mimi naamka alfajiri, nafika hapa, namwacha mtoto, naenda kusimama siku nzima. Nikisimama kule namwona anapumua. Ndivyo ninavyoweza kusimama. Usinipe kitu kingine cha kufikiri."

"Samahani."

"Usiseme samahani. Umemwokoa mwanangu." Akamshika kile kiganja kinachotetemeka kwa mikono yake miwili yenye madoa, akakibana mpaka kikatulia kidogo. "Na Januari nakuletea dada yake. Nimeshamwambia Madam. Nimeomba awe chumba chako."

Akaondoka, Waziri ametangulia mbele yake, anakagua mfereji. Shangazi wa Mgongo alirudi ndani akawakuta wenzake wanafagia. Shangazi wa Simu aliendelea kufagia, na Shangazi wa Wimbo akamsogezea kiti kidogo, naye akakikalia, magoti yakapanda mpaka kifuani.

"Amesema nini?" aliuliza Shangazi wa Simu.

"Amesema tulikuwa watatu."

"Basi," alisema Shangazi wa Simu. Alifagia mpaka kwenye mlango wake, akaufunga ili vumbi lisirudi.

Walimweleza fundi nyumbani wakiwa wanakula. Baadaye akasema angeweza kwenda yeye kuongea na mwenye kituo. Wote watatu walikataa kwa pamoja. Mwenye kituo angemsikiliza vizuri, walisema, angemkaribisha chai, angelia. Na kesho yake kungekuwa na watoto na milango mitatu. Binti yao aliuliza kwa nini wasiache kazi. Shangazi wa Wimbo ndiye aliyejibu, na lilikuwa jambo la kwanza kulisema bila kuimba tangu Jumanne ile.

"Tukiacha, ataajiri mmoja."

Baada ya sikukuu mwenye kituo alileta fundi cherehani, kwa kuwa aproni zilikuwa zimechakaa na wazazi wapya walipenda kuona sare. Fundi cherehani alitandika vitambaa kwenye meza ya ofisi, akafungua futi yake, akatazama korido yenye milango mitatu.

"Niwapime wote?"

"Mpime mmoja," alisema mwenye kituo. "Ni sawa kabisa."

Shangazi wa Mgongo ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Alitoka, akauegesha nyuma yake, akasimama kwenye korido mikono juu. Fundi cherehani alimzungushia futi kifuani, kisha kiunoni, akitaja namba kwa sauti ya chini ili azikumbuke.

"Kwa hiyo tatu," alisema. "Rangi ya bluu."

"Shona saba," alisema mwenye kituo.

"Si wako watatu?"

"Mwakani tunafungua ghorofani."

Fundi cherehani aliona ni sawa, akasema basi kitambaa atakata chote kwa mkupuo, kisitofautiane rangi. Akamwambia Shangazi ashushe mkono wa kulia apime bega. Nyuma ya mlango mtoto mmoja akaanza kukohoa. Shangazi akageuza kichwa.

"Simama wima, dada, futi inapinda."

Akasimama wima. Alisikiliza. Kikohozi kilikuwa kikubwa, chenye sauti na kamasi, na kikohozi chenye sauti kina hewa. Mtoto akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, kisha akacheka na mtu. Futi ikapita kutoka bega hadi bega. Shangazi aliinua mkono wa kushoto kabla ya kuambiwa, kitasa cha mlango kikiwa kimemgusa mgongoni, akaendelea kusikiliza.